Saa sita zipi? Kuandaa tumbo la mtoto kabla ya nusukaputi

"Bibi, mjukuu amekula chochote leo?"

"Hajala, mwanangu. Tangu jana."

Tulikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mjukuu mwenyewe, wa miaka minne, alikuja kurekebishwa ngiri. Nikainama kumvua sweta, na mfukoni vikadondoka vipande viwili vya biskuti, kimoja kimeng'atwa nusu na pale kilipong'atwa bado pana unyevu. Nikamtazama bibi. Bibi naye akanitazama bila wasiwasi hata chembe.

"Hiyo? Ah, huko si kula. Alikuwa analia njiani, nikampa ashike tumbo."

Bibi hakunidanganya, mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Masikioni mwa mzazi, kula ni mlo. Biskuti, ziwa la kumbembeleza, kijiko cha dawa ya kikohozi, hivyo havihesabiki. Tangu siku ile siulizi tena "amekula?" Nauliza, "Tangu alipoamka, nini kimepita mdomoni mwake?" kisha nataja kimoja kimoja mpaka mzazi achoke. Oparesheni ya mtoto yule ikasogezwa hadi alasiri, na bibi akaninunia.

Mimi ni nesi wa usingizi, huu ni mwaka wangu wa 19. Ndiye yule anayekaa upande wa kichwa, kashika barakoa, wakati macho ya wengine wote yako kwenye kisu. Nawaandikia wazazi hasa, lakini kuna mahali nitasema na wenzangu wanaoanza kazi. Mzazi usiruke sehemu hizo, zitakusaidia kujua cha kuuliza.

Kwanza ujue tunaogopa nini. Unajua unavyopaliwa na chai: unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Kikohozi kile ndicho mlinzi wa mapafu yako. Mtoto akishaingia kwenye nusukaputi mlinzi huyo analala, na ule msuli unaofunga mdomo wa tumbo nao unalegea. Tumbo likicheua, kilichomo kinapanda kooni na kuteremkia mapafuni bila mtu kukohoa. Kikiwa ni chakula, kinaziba njia ya hewa. Kikiwa ni maji ya tumbo yenye tindikali kali, yanaunguza mapafu. Daktari Curtis Mendelson wa New York aliliandika hili mwaka 1946 baada ya kupitia uzazi 44,016 na kukuta akina mama 66 waliopaliwa namna hiyo wakiwa usingizini. Akaenda mbele zaidi, akawatilia sungura maji ya tumbo mapafuni: yale yenye tindikali yaliunguza, yale yaliyoondolewa ukali hayakufanya hivyo. Ndiyo maana mpaka leo tunahangaika na mambo mawili, wingi wa kilichomo tumboni na ukali wake.

Usikose usingizi kwa habari hiyo. Kliniki ya Mayo kule Marekani ilitoa hesabu yake mwaka 1999: kati ya nusukaputi 63,180 za watoto, 24 tu walipaliwa, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Ila tofauti iko hapa: kwenye oparesheni zilizopangwa alikuwa mmoja kati ya 4,544, kwenye za dharura mmoja kati ya 373. Kupanga kunasaidia, na sehemu kubwa ya mpango huo iko mikononi mwako wewe uliye nyumbani.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwandikia mama mmoja karatasi: "Mtoto asile wala asinywe saa sita kabla ya oparesheni." Nilimaanisha muda wa saa 6. Yeye akasoma saa sita, akaelewa saa sita usiku. Na kwa kuwa mwanawe alilala mapema, mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa mbili usiku. Akapangwa wa mwisho kwenye orodha. Alipofika mkononi mwangu ilikuwa saa nane mchana, saa 18 bila hata tone la maji. Midomo ilikuwa imepasuka, analia bila machozi, mishipa imejificha. Nilimchoma mara nne. Alipokwisha kulala nikapitisha mpira tumboni, nikavuta. Nilitegemea pakavu. Zikatoka mililita 14 za maji ya rangi ya njano iliyoelekea kijani. Nikachovya karatasi ya kupimia tindikali, ikageuka nyekundu papo hapo.

Laiti ningehesabu sawasawa, mtoto yule angekula mpaka saa mbili asubuhi na angekunywa maji mpaka saa sita. Saa sita ya mchana.

Tumbo halifungi duka kwa sababu hakuna mteja. Mtoto anaendelea kutoa tindikali, anaendelea kumeza mate, na kumnyima maji usiku kucha hakupunguzi hata kidogo. Watafiti walipima matumbo ya watoto waliokunywa maji angavu mpaka saa 2 kabla ya usingizi, wakayalinganisha na ya waliokaa na kiu muda mrefu: wingi na ukali wa kilichomo ulikuwa karibu sawa. Maji hayakai tumboni. Ndani ya dakika 10 hadi 20 hivi nusu yake imeshapita kwenda kwenye utumbo. Mtoto aliyekunywa anafika akiwa mtulivu, ana sukari mwilini, mshipa unaonekana. Aliyenyimwa anafika anapiga mayowe, na mayowe yanamjaza hewa tumboni.

Kwa hiyo tukubaliane hivi: humu ndani nikiandika saa kwa tarakimu, ni muda. Nikiandika kwa maneno, ni saa ya ukutani. Nanyi manesi wenzangu, msimwandikie mzazi "saa 6 kabla". Pigeni hesabu wenyewe, mwandike "mwisho wa kula ni saa nane usiku", mmalize.

Tuseme mtoto analazwa usingizi saa mbili asubuhi. Chakula kigumu, uji, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo viwe na saa 6, yaani mwisho saa nane usiku. Sikuambii umwamshe usiku wa manane umlishe. Mpe chakula cha jioni cha kawaida, kishibishe, kisiwe cha kukaangwa wala chenye mafuta mengi, kwa sababu mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga na tungependa yapewe saa 8 au zaidi. Maziwa ya mama ni mepesi kuliko ya kopo, hayagandi tumboni kwa kiasi kile, kwa hiyo yana saa 4: mnyonyeshe mwisho saa kumi alfajiri. Hapa ndipo utege kengele ya simu, maana mtoto mchanga akikosa ziwa lile mtakesha nalo. Maji angavu yana saa 2, mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna sehemu wamelegeza zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu maji angavu mpaka saa 1 kabla, maziwa ya mama saa 3, na ya kopo saa 4. Wamarekani bado wanashikilia 2, 4 na 6. Muulize daktari wa usingizi wa kwenu anafuata upi, usichague mwenyewe ule unaokupendeza. Mimi binafsi niko upande wa wanaolegeza maji. Sijawahi kujuta kwa sababu ya mtoto aliyekunywa maji, nimejuta mara nyingi kwa sababu ya yule aliyenyimwa.

Wazazi huniuliza maji angavu ni yapi. Mimina kwenye glasi, weka nyuma yake karatasi yenye maandishi. Ukisoma bila taabu, ni angavu. Maji ya kawaida, maji ya sukari kidogo, juisi iliyochujwa isiyo na nyuzinyuzi, chai isiyo na maziwa. Tone moja la maziwa likiingia kwenye chai, imeshahama kundi. Supu iliyochujwa macho yanaweza kuipitisha lakini ina mafuta, iache. Kwa ule mkupuo wa mwisho, kipimo kinachotumika sana ni mililita 3 kwa kila kilo ya mtoto: mwenye kilo 12 anapata 36, mwenye kilo 20 anapata 60, kikombe kidogo hivi. Anywe kwa raha zake, usimlazimishe.

Ubani wa kutafuna unaongeza mate na maji ya tumbo kidogo. Autoe mdomoni kabla ya kuingia, na utuambie. Akiwa ameumeza, huo tena ni mjadala mwingine.

Nimetumia maneno mengi kwenye saa kwa sababu ndiko faida iliko. Dawa ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtoto mwenye afya, oparesheni imepangwa, saa zimefuatwa: hahitaji dawa yoyote ya kupunguza tindikali. Miongozo inasema hivyo na mimi nasema hivyo. Huwa tunafundishwa darasani ule mpaka wa hatari wa kilichomo tumboni, mililita 0.4 kwa kila kilo ya mwili, zenye pH (kipimo cha tindikali: kikishuka, ukali unapanda) chini ya 2.5, ukatajwa kana kwamba ni amri. Ulichapishwa na watafiti Roberts na Shirley mwaka 1974 na chimbuko lake ni majaribio kwa nyani. Kwa mtoto wa kilo 20, mpaka huo ni mililita 8. Yule mvulana aliyekaa saa 18 bila maji alikuwa nazo 14, na hakupata tatizo lolote. Watoto wengi wenye afya wamevuka mpaka huo muda wote wanapoingia kwetu.

Dawa zina watoto wake. Mwenye ugonjwa wa kucheua na kiungulia uliothibitishwa. Mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa hata na mate. Aliyezaliwa na umio uliokatika akaungwa. Mwenye utumbo ulioziba, mwenye figo zilizochoka, mnene kupita kiasi, mwenye kisukari ambacho tumbo lake linamwaga polepole. Kama wako ni mmoja wa hawa, sema siku ya kuonwa kabla ya oparesheni, si asubuhi yenyewe, kwa sababu dawa nyingi zinahitaji kutangulia.

Omeprazoli, kwa mfano, inafunga mashine zinazotengeneza tindikali. Haigusi iliyokwisha kumwagika. Ndiyo maana tunapenda dozi moja usiku wa kuamkia oparesheni na nyingine asubuhi. Vile vichembe vilivyomo ndani ya kidonge visisagwe, vikisagwa tindikali inavila kabla havijafika vinakofanyia kazi. Famotidini inafanya haraka zaidi, lakini nayo mpe nafasi ya saa 1 hadi 2 ikiwa ni ya kunywa. Ndugu yake ranitidini, ambayo sisi wazee wa kazi tulikuwa tunaiandika tukiwa tumefumba macho, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na uchafu wa kemikali uitwao NDMA unaohofiwa kuleta saratani. Ukiwa na chupa yake ya zamani kabatini, usiitumie. Metoklopramidi ya kusukuma tumbo limwage mimi naikwepa kwa watoto. Nilimwona binti mmoja shingo imemkakamaa upande na macho yamepanda juu dakika chache baada ya kuipata. Ilipita, lakini mama yake alidhani mtoto anakufa, na kwa kweli hata mimi magoti yalinilegea.

Mtoto anayekunywa dawa ya kiungulia kila siku aendelee nayo, pamoja na asubuhi ya oparesheni, kwa funda la maji. Wazazi wengi huiacha wakidhani "asile wala asinywe" inaihusu. Ikitokea umesahau, sema kweli tu.

Iko moja inayofanya kazi papo hapo: sitreti ya sodiamu. Ni maji maangavu, yanakutana na tindikali iliyopo na kuiua makali. Kwa wenzangu: ile ya nguvu ya 0.3 mola, mililita 0.4 kwa kilo, isizidi 30, na mpe muda mfupi kabla ya kulala kwa sababu haidumu. Shida yake ni mbili, inaongeza wingi tumboni, na ladha yake ni chumvi-chachu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisifu. Ujanja wangu: vuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, mkalishe wima mapajani mwa mzazi, ingiza ncha pembeni, kati ya shavu na fizi, sukuma kidogo, subiri ameze, sukuma tena. Ukilenga katikati ya ulimi anakurudishia usoni. Shati langu la kazi lina ushahidi.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: usifanye mwenyewe hesabu hii kwa dawa za kabatini. Ile dawa nyeupe nzito ya kiungulia, inayofanana na chokaa iliyokorogwa, ina vichembe, na vichembe vikiingia mapafuni vinaumiza karibu sawa na tindikali yenyewe. Bikaboneti inatoa povu na gesi, tumbo linavimba, mtoto anacheua. Maziwa "ya kutuliza tindikali" ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mzazi hampi kwa siri, anampa kwa upendo na kuja kuniambia kwa fahari. Maziwa yanaganda tumboni yakawa madonge, na donge halipiti kwenye mpira wetu wa kuvutia.

Dharura ni habari nyingine. Mtoto akianguka mtini akavunja mkono, maumivu na hofu vinasimamisha tumbo. Alichokula dakika 30 kabla ya kuanguka kinaweza kuwa kipo vilevile saa 8 baadaye. Kwa hiyo sisi tunataka nyakati mbili zilizoandikwa: alikula lini mara ya mwisho, na aliumia lini. Nafasi kati ya hizo ndiyo inayotupa picha. Tukiona tumbo limejaa tunabadilisha namna ya kumlaza: dawa zinaingia haraka kwa mshipa, mpira wa kupumulia unawekwa mara moja, mashine ya kuvuta iko tayari chini ya mto. Penye kipimo cha picha cha mawimbi ya sauti, siku hizi tunaweza kulichungulia tumbo kabla. Mtoto mchanga mwenye mlango wa tumbo ulioziba, yule anayetapika kwa kuruka, sisi hatutegemei saa wala dawa, tunapitisha mpira na kulimwaga tumbo lake kabla hajalala.

Asubuhi yenyewe ni ya ukaguzi. Kagua mifuko, kagua kiti cha nyuma cha gari, kagua mkono wa kaka yake mwenye huruma. Mfunge mtoto kikaratasi nguoni kilichoandikwa saa ya mwisho ya chakula na saa ya mwisho ya maji, kwa sababu utakabidhiana na watu watatu au wanne kabla hajanifikia mimi, na kila mmoja ataongeza au kupunguza. Ukigundua amekula, sema. Ubaya wake ni kusubiri, basi. Orodha ikichelewa, nayo inachelewa mara nyingi, usikae kimya na mtoto mwenye kiu: nenda kwa nesi umuulize, "Zamu yake ni saa ngapi sasa, na naweza kumpa maji mpaka saa ngapi?" Uliza kwa saa ya ukutani. Asikujibu kwa muda.

Akishazinduka na kumeza mate vizuri, anaweza kuanza na funda moja moja la maji akiyataka, isipokuwa daktari wa upasuaji amekataza kwa sababu yake. Asiyetaka mwache.

Mjukuu wa bibi alipofumbua macho jioni ile, neno la kwanza lilikuwa kuulizia biskuti yake. Bibi alikuwa amekihifadhi kile kipande kingine kwenye kitambaa. Akanitazama mimi kwanza. Nikampa ishara ya kichwa, akakifungua.